Mikongo ni mingi, mlango ni mmoja

Novemba 2025 kampuni ya Meta ilitangaza kwamba sehemu kuu ya mkongo wa baharini wa 2Africa imekamilika. Mkongo huo, yaani waya wa nyuzi za kioo unaopitisha data chini ya bahari, una urefu wa takriban kilomita 45,000, umebuniwa ulizunguke bara zima na umefika Mombasa na Dar es Salaam. Tangu habari hizo zitoke nimesikia zaidi ya mara moja, hata kwa watu ambao kazi yao inawataka wajue zaidi, kwamba zama za Afrika Mashariki kukaa gizani bila mtandao kwa sababu ya mkongo kukatika sasa zimepita. Hoja yao ni nyepesi kueleweka: zamani tulikuwa na mikongo miwili mitatu, sasa ni mingi, kwa hiyo ukikatika mmoja mwingine upo. Nadhani wamekosea, na kosa lenyewe lina gharama. Miundombinu ya kidijitali huanguka pale vitu vingi vinavyoonekana kuwa mbalimbali vinapotegemea kitu kimoja ambacho hakuna aliyekiorodhesha. Kuongeza ndoo hakuongezi visima. Kazi ya kuorodhesha utegemezi huo haiwezi kufanywa na kampuni moja moja; ni kazi ya serikali, na ndiyo sehemu ya usimamizi wa vihatarishi ambayo serikali zetu zimeipa uzito mdogo kuliko zote.

Turudi Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Siku hiyo mikongo miwili, EASSy na SEACOM, ilikatika karibu kwa wakati mmoja, katika eneo moja la bahari kaskazini mwa Durban. SEACOM ulianza kazi Julai 2009 na EASSy mwaka uliofuata. Ni mali za wamiliki tofauti, wenye mikataba tofauti na bei tofauti, na ofisi iliyokuwa imenunua njia kuu kwa mmoja na njia ya akiba kwa mwingine ilikuwa imefanya kile ambacho mshauri yeyote angeishauri ifanye. Tanzania iliumia kuliko majirani wengi. Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi, Msumbiji na visiwa vya Komoro na Mayotte viliguswa kila kimoja kwa kiwango chake. Nyaraka za zabuni zilionyesha njia mbili. Bahari ilionyesha moja.

Kilichosahaulika katika simulizi za siku ile ni kwamba mkasa ulikuwa umeanza miezi mitatu kabla, tena mbali sana na Durban. Tarehe 18 Februari 2024 meli ya mizigo iitwayo Rubymar ilipigwa kombora na Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, karibu na Mlango-Bahari wa Bab el-Mandeb, lango la kusini la Bahari ya Shamu. Mabaharia waliiacha, ikaanza kuelea huku ikiburuta nanga yake, na siku chache baadaye mikongo mitatu ya Bahari ya Shamu ikakatika, ukiwamo ule ambao SEACOM inautumia kufika Ulaya. Nanga hiyo ndiyo inayoaminika kuwa chanzo. Matengenezo yalichukua miezi, kwa kuwa meli ya ukarabati haiwezi kushusha vifaa katika maji ya Yemen bila kibali, na Yemen ina mamlaka mbili zinazogombea haki ya kutoa kibali hicho. Kwa hiyo ilipofika Mei, njia ya kaskazini ilikuwa tayari inachechemea. Mgonjwa aliyekuwa akitembelea mguu mmoja ndiye aliyevunjwa ule mwingine.

Hesabu ya jambo hili si ngumu, na inafaa kuielewa kwa sababu ndiyo inayopotosha mipango mingi. Tuseme, kwa mfano tu, kila mkongo una nafasi moja kati ya hamsini ya kukatika katika juma fulani. Ikiwa ajali zao hazihusiani kabisa, nafasi ya miwili kukatika juma moja ni moja kati ya elfu mbili na mia tano, yaani jambo la kutokea mara moja katika karibu miaka hamsini. Lakini ikiwa yote miwili imelazwa kwenye sakafu moja ya bahari, mahali ambapo poromoko moja la mchanga au nanga moja inaweza kuifikia yote, kuzidisha huko hakuna maana tena, kwa kuwa tukio ni moja. Dunia nzima hupata hitilafu kati ya 150 na 200 za mikongo ya baharini kila mwaka, na nyingi husababishwa na nyavu za uvuvi na nanga za meli. Nanga haisomi jina la mmiliki.

Na jiografia yetu ni finyu kuliko tunavyodhani. Data inayotoka pwani ya Afrika Mashariki kwenda kwenye seva za Ulaya ina njia mbili kuu. Ya kwanza ni kusini hadi Afrika Kusini, kisha kupanda pwani ya magharibi ya bara. Ya pili ni kaskazini kupitia Ghuba ya Aden na Bahari ya Shamu. Mkongo wa TEAMS, unaotoka Mombasa kwenda Fujairah katika Falme za Kiarabu, unaonekana kuwa njia ya tatu, ila kutoka Fujairah sehemu kubwa ya data inayoelekea Ulaya hurudi kwenye Bahari ile ile ya Shamu. Waya wa telegrafu uliofika Zanzibar mwaka 1879, enzi za Sayyid Barghash, ulitoka Aden na kuendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Ukiuchora juu ya ramani ya leo utaona kwamba katika karibu karne moja na nusu tumebadilisha shaba kwa nyuzi za kioo lakini hatujabadilisha barabara. Hata 2Africa, pamoja na ukubwa wake wote, ilikamilisha sehemu yake kuu huku kipande cha Bahari ya Shamu kikiwa bado kimekwama. Faida yake kwetu ni kubwa, hasa kwa njia ya kusini na kwa bei ya huduma, lakini mlango wa kaskazini ni ule ule.

Wala hatuwezi kusema hatukuonywa. Februari 2012 mikongo mitatu ya Bahari ya Shamu ilikatika, ukiwamo EASSy, na kabla haijatengenezwa, meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga mahali palipokatazwa na kukata TEAMS. Ajali mbili, moja kaskazini na nyingine mlangoni mwa nyumba yetu, ndani ya siku kumi hivi. Ule ulikuwa mpangilio wa mwaka 2024 kwa umbo lake kamili, miaka kumi na miwili mapema. Wazanzibari wana somo lililo wazi zaidi, ingawa ni la umeme: kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa miezi mitatu bila umeme wa gridi kwa sababu kisiwa kizima kilitegemea waya mmoja wa baharini uliotandikwa mwaka 1980. Wenye uwezo walinunua jenereta, wengine walinunua mishumaa, na maji yakawa shida kwa kuwa pampu zinahitaji umeme. Hapo ndipo watu wa kawaida walipojifunza maana ya utegemezi kuliko semina yoyote ingeweza kuwafundisha.

Baharini ni mwanzo tu. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano wa Tanzania unavuka mipaka kwenda Rwanda kupitia Rusumo, Burundi kupitia Kabanga, Uganda kupitia Mutukula, Zambia kupitia Tunduma na Malawi kupitia Kasumulo, na sehemu yake kubwa imeninginizwa kwenye nguzo za njia kuu za umeme za TANESCO, shirika la umeme la Tanzania. Mpangilio huo ulikuwa wa busara kifedha, kwani nguzo zilikuwepo tayari. Lakini maana yake ni kwamba mnara mmoja ukianguka, umeme na mawasiliano vinaweza kuondoka pamoja, na fundi wa umeme anayehitaji simu ili aratibu matengenezo anaikosa simu hiyo kwa sababu ile ile iliyomtoa kitandani. Gridi nzima ya Kenya ilizimika tarehe 25 Agosti 2023 na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia gizani kwa kuwa jenereta ya akiba haikuitikia kama ilivyotarajiwa. Gridi ya Tanzania Bara ilizimika tarehe 1 Aprili 2024. Minara ya simu huishi kwa betri kwa saa chache, kisha kwa dizeli, na dizeli huletwa na lori ambalo dereva wake huitwa kwa simu na hulipiwa mafuta kwa simu.

Jumatatu ya tarehe 13 Mei 2024 nilikuwa kwenye foleni ya zahanati moja Dar es Salaam. Kadi za bima hazikuwa zikithibitishwa, na mpokezi alichomoa daftari la kaunta akaanza kuandika majina kwa kalamu. Baadaye niliambiwa kwamba seva ya mfumo ule ilikuwa imekodishwa Ulaya. Mgonjwa, daktari na ofisi ya bima walikuwa ndani ya mji mmoja, lakini swali la kama kadi ni halali lilipaswa kupita chini ya bahari mbili na kurudi. Sidhani kama kulikuwa na mtu katika zahanati ile, au serikalini, aliyekuwa amewahi kuandika utegemezi huo mahali popote.

Sheria zetu zinasemaje? Kwenye karatasi, hali si mbaya. Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018, inayotambua miundombinu muhimu ya taarifa, imeunda kamati ya taifa ya kuratibu mambo hayo, inataka mashambulizi yaripotiwe ndani ya saa 24, na imefuatiwa na kanuni za mwaka 2024. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayompa waziri uwezo wa kutangaza mfumo fulani kuwa miundombinu muhimu. Ukisoma majina ya sheria zenyewe unaona jinsi hatari ilivyofikiriwa: uhalifu, makosa, matumizi mabaya. Hatari imepewa sura ya mwizi. Asiyeingia kwa nia mbaya hana nafasi ya kutosha kwenye kurasa hizo, na kwa bahati mbaya nanga inayoburutwa, kijiko cha kuchimbia barabara, betri iliyozeeka na mkataba wa seva usiosomwa na mtu havina nia yoyote.

Mfano mzuri wa fikra hiyo ni tukio la eCitizen. Mwishoni mwa Julai 2023 jukwaa hilo la Kenya, lililokuwa na huduma zaidi ya 5,000, lilizidiwa na mafuriko ya maombi ya uongo yaliyotumwa na kundi lililojiita Anonymous Sudan. Maombi ya viza yalikwama, tiketi za treni zikakwama, na watu walishindwa kununua tokeni za umeme. Serikali ilisisitiza kwamba hakuna data iliyopotea, na hakuna sababu ya kutilia shaka kauli hiyo, kwa kuwa shambulio la aina ile halikusudii kuiba. Oktoba 2024 ndugu wawili raia wa Sudan walifunguliwa mashtaka Marekani kuhusiana na kundi hilo. Swali la nani alifanya likapata jibu lake. Swali la kwa nini pasipoti, treni na leseni ya biashara vyote vinaingilia mlango mmoja, halikuulizwa kwa sauti. Na katika kipindi hicho hicho malipo ya huduma za serikali yalikuwa yakiunganishwa kwenye namba moja, 222222. Sisemi kwamba uunganishaji huo ni kosa. Umefunga mianya ya wizi ambayo Wakenya wanaijua kwa majina, kama vile namba ya malipo ilivyopunguza risiti bandia Tanzania. Ninachosema ni kwamba anayeweka fedha zote kwenye sanduku moja ili azihesabu vizuri anapaswa kuandika, ukurasa ule ule, atafanya nini siku kufuli litakapogoma.

Wapo wanaosema serikali iondoke kabisa kwenye jambo hili, na hoja yao ndiyo nzito kuliko zote ninazozifahamu. Sehemu kubwa ya mikongo hii ilijengwa kwa fedha za kampuni. Kampuni ndizo zinazopoteza mapato mtandao unapokatika, na Mei 2024 ndizo zilizokimbia kununua nafasi kwenye mikongo mingine na kurudisha huduma hatua kwa hatua, wakati wizara zikitoa taarifa kwa vyombo vya habari. Tena historia ya wadhibiti wetu wa mawasiliano haitii moyo. Kituo cha kubadilishana data cha Kenya, KIXP, kilipoanzishwa Novemba 2000 ili barua pepe ya kutoka mtaa mmoja wa Nairobi kwenda mtaa wa pili isipitie ng'ambo, mdhibiti alikifunga baada ya wiki mbili kwa malalamiko ya kampuni ya simu ya umma iliyokuwa na ukiritimba. Hakikufunguliwa tena hadi Februari 2002. Leo kituo hicho kilichofungwa kama kosa ni moja ya sababu zilizoifanya Kenya iyumbe kidogo kuliko jirani zake Mei 2024, maana sehemu nzuri ya kile ambacho Wakenya wanakitazama huhifadhiwa na kubadilishwa ndani ya nchi. Mtu aliyeishi kipindi kile ana haki ya kuogopa mkono wa serikali.

Hata hivyo hoja hiyo inafika mahali inakwama. Kampuni inajua mkongo wake; haijui wa mwenzake umepita wapi kwa usahihi, wala haina haki ya kuuliza, kwa kuwa mikataba ya kukodisha njia hulindwa na masharti ya usiri. Benki inayonunua huduma kwa watoa huduma wawili haiambiwi kwamba wote wawili wamekodisha nyuzi ndani ya bomba moja la barabara ya Morogoro. Siku ya msiba kila kampuni hukimbilia nafasi ile ile iliyobaki, na mpango wa akiba uliotosha kwa kampuni moja hautoshi kwa kampuni zote. Juu ya hayo, hasara ya kampuni ni mapato ya siku chache, ilhali hasara ya mgonjwa kwenye foleni haiingii katika vitabu vya yeyote. Pengo hilo la taarifa ndilo pekee linaloihalalisha serikali kuingia, na linaihalalisha kwa kiasi chake: ikusanye, iunganishe, ione panapokutana, irudishe jibu. Haihitaji kumiliki mkongo wala kumfundisha mhandisi kazi.

Upande wa pili wapo wanaotaka serikali iingie kwa nguvu zote na kuirudisha data nyumbani: kila mfumo wa umma, na ikiwezekana wa binafsi, uwe ndani ya kituo cha data cha taifa. Nina huruma na hoja hii, kwani kisa cha zahanati ni ushahidi wake. Huduma inayotumiwa na Watanzania peke yao haina sababu ya kusafiri hadi Frankfurt. Lakini mwulizeni Mkorea. Tarehe 26 Septemba 2025 moto ulioanzia kwenye betri za lithiamu uliunguza kituo cha serikali cha taarifa mjini Daejeon, na mifumo 709 ya umma ikasimama. Hifadhi ya mafaili ya watumishi wa serikali yenye ukubwa wa terabaiti 858 ilipotea, kwa kuwa ilionekana ni kubwa mno kuwekewa nakala ya nje. Hiyo ni Korea Kusini, nchi ambayo wengi huitaja kama kilele cha serikali mtandao. Ukraine ilikwenda kinyume: katikati ya Februari 2022, siku chache kabla ya uvamizi, bunge lake lilibadili sheria ili data za serikali ziweze kuhifadhiwa nje ya nchi, na vita vilipofika rejista muhimu za taifa zilikuwa na mahali pa kwenda. Visa hivi viwili vinapishana kwa mwelekeo, na ndiyo sababu neno nyumbani halitoshi kuwa sera. Rejista ya ardhi inafaa ikae nchini kwa kazi za kila siku na iwe na nakala mbali na tetemeko, moto na hasira za kisiasa za mahali pamoja. Kuijengea jumba moja Kijitonyama, Dar es Salaam, au Konza, Kenya, na kuliita usalama ni kubadilisha mlango mmoja wa mbali kwa mlango mmoja wa karibu.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika mara nyingi zaidi ofisini: kwamba ramani ya utegemezi ni siri ya usalama wa taifa, na kuichora ni kumrahisishia adui kazi. Hapa pana mchanganyiko wa mambo mawili. Hakuna anayedai orodha ya nywila za mitambo ibandikwe ukutani. Lakini njia za mikongo ya baharini huchapishwa kwa makusudi kwenye ramani za manahodha, kwa sababu asiyejua mkongo ulipo ndiye anayeutilia nanga. Mataifa yalianza kukubaliana juu ya ulinzi wa nyaya hizo tangu Mkataba wa Paris wa mwaka 1884. Siri haikuulinda TEAMS mwaka 2012. Adui mwenye uwezo wa kukata mkongo ana uwezo wa kununua ramani. Asiyekuwa nayo ni mkurugenzi wa hospitali ya mkoa, meneja wa benki ya wilayani na mbunge anayepitisha bajeti. Kwa maneno mengine, usiri wa aina hii unamficha taarifa yule anayebeba hasara, huku anayekusudia kuisababisha akiipata bila jasho. Nakubali kwamba kuna daraja la taarifa, kama vile mahali halisi pa vituo vya kutulia mikongo na udhaifu ambao haujarekebishwa, linalopaswa kubaki kwa wachache. Daraja hilo lina kurasa chache, si kabati zima.

Linalofuata ni gumu kusemwa, lakini tathmini isiyolisema itakuwa imeanza na uongo. Miongoni mwa vyanzo vya kuzimika kwa mtandao katika ukanda huu ni serikali zenyewe. Uganda ilizima mtandao nchi nzima kwa siku kadhaa katika uchaguzi wa Januari 2021. Tanzania ilikatika kuanzia siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, na huduma ikarejea siku chache baadaye. Yeyote aliyetegemea mtandao kupokea mshahara, kuagiza dawa au kumtafuta ndugu alikutana na athari ile ile ambayo angeipata kwa nanga, tena bila njia ya akiba, kwa kuwa amri haikatwi na mkongo wa pili. Anayeidhinisha kuzima atasema ana sababu za usalama, na mjadala wa sababu hizo una mahali pake. Lakini rejista ya vihatarishi, yaani orodha ya hatari zinazoweza kutokea, haiulizi nia. Inaandika tukio, uwezekano wake na athari zake, na kwa vigezo hivyo uzimaji unastahili mstari wake mwenyewe, pamoja na makadirio ya nani ataumia na namna ya kuwaacha hospitali, zimamoto na mifumo ya malipo nje ya amri.

Athari yake ya pili haionekani kwa macho, nayo ni imani. Tarehe 25 Juni 2024, siku ya maandamano makubwa Kenya, mtandao ulizorota, na Safaricom ikaeleza kwamba mikongo yake miwili ya baharini imepata hitilafu. Inawezekana maelezo hayo yalikuwa sahihi kabisa. Mikongo ilikuwa imeugua mwaka ule mzima. Wananchi wengi hawakuyaamini, na hapakuwa na chombo huru chenye kumbukumbu za hitilafu kilichoweza kuwathibitishia au kuwakanushia. Serikali inayotaka kuaminiwa siku nanga itakapokata mkongo wa kweli inahitaji kumbukumbu hizo siku zote: tarehe, saa, mahali, chanzo, muda wa kurejea, zikitolewa na mdhibiti ndani ya siku chache baada ya kila tukio kubwa, bila kusubiri kuulizwa bungeni.

Yote haya yanaelekeza kwenye kazi ambazo hazina utepe wa kukatwa. Masharti ya leseni ya mawasiliano yaweza kumtaka kila mtoa huduma awasilishe kwa mdhibiti njia halisi za nyuzi zake, na mdhibiti naye amjibu mnunuzi wa njia mbili kama zinakutana popote, hata bila kumtajia ni wapi. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), ambaye tayari hukagua mifumo ya TEHAMA, aweza kuuliza swali moja la ziada kwa kila taasisi: mfumo huu unategemea nini kisicho chenu? Vibali vya meli ya ukarabati kuingia majini mwetu vyaweza kutayarishwa mapema na kwa pamoja chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Meli ambayo Afrika imekuwa ikiitegemea zaidi kwa kazi hiyo, Léon Thévenin, iliundwa mwaka 1983 na ina makao yake Cape Town. Agosti 2023 maporomoko ya chini ya bahari kwenye mdomo wa mto Kongo yalipokata mikongo miwili ya pwani ya magharibi, WACS na SAT-3, ni meli hiyo hiyo iliyopaswa kwenda. Machi 2024 mikongo minne ilikatika kwa pamoja mbele ya Abidjan, Ivory Coast. Kila siku ambayo meli hiyo inasubiri karatasi za nchi moja ni siku inayoongezwa kwenye foleni ya nchi nyingine.

Na kuna zoezi moja ambalo lingefundisha kuliko ripoti zote. Mdhibiti achague usiku mmoja wa Jumapili, atangaze mwezi mzima kabla, kisha taasisi za umma zikatwe kwa saa mbili kutoka kwenye njia zote za kutoka nje ya nchi, huku mtandao wa ndani ukiachwa uendelee. Hospitali za rufaa zijaribu kufungua faili la mgonjwa. Benki Kuu ijaribu kupitisha malipo kati ya benki mbili. Polisi wajaribu kupiga simu ya dharura inayopita kwenye programu waliyonunua, na mamlaka ya maji ijaribu kuona kiwango cha matangi yake. Kila kilichosimama kiandikwe pamoja na sababu yake. Watakaokuwa zamu usiku huo wapewe kalamu na daftari la kaunta.